Reli ya Kipushi ina nafasi ya watu pia

Na Feza Mwilambwe

Lubumbashi ni mtoto wa reli. Treni ya kwanza ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea nchi ambayo leo ni Zambia, na mji ukakua ukiizunguka stesheni. Mpaka leo, reli inapopita mitaani, watu nao hupita: mama mwenye beseni kichwani, wanafunzi, kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makaa. Hakuna aliyewatengenezea njia. Wameifanya wenyewe kwa nyayo zao.

Nawaza hasa tawi la reli linalotoka Munama, kusini mwa Lubumbashi, hadi Kipushi, kilomita 34 hivi. Mgodi wa Kipushi ulianza kazi mwaka 1924, ukatoa shaba na zinki, kisha ukasimama mwaka 1993. Tawi lenyewe lilifungwa 2011. Mwaka 2017 kampuni ya Ivanhoe, mshirika wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, katika mgodi huo, ilitiliana saini na SNCC, shirika la reli la taifa, makubaliano ya kulifufua, na mwaka 2024 mgodi ulianza tena kutoa zinki.

Wapo watakaosema tufanye kama Wabelgiji. Tangu 1995 jimbo la Wallonia limegeuza reli zake nyingi zilizokufa kuwa njia za wapita kwa miguu, wakimbiaji na baiskeli; mtandao huo unaitwa RAVeL. Ni kazi nzuri, lakini sisi hatuna anasa ya kuzika reli. Zinki ikisafiri kwa malori, barabara inachakaa na vumbi linaingia majumbani. Treni irudi.

Hata hivyo, kurudi kwa treni hakumfukuzi mtembea kwa miguu. Ardhi ya reli ni pana kuliko mataruma. Kando yake panaweza kulazwa njia ya udongo mwekundu ulioshindiliwa, yenye mitaro ya maji ya mvua na miembe ya kivuli, ikitenganishwa na reli kwa uzio mahali penye watu wengi. Reli hukwepa miinuko mikali, na hilo ni nafuu kubwa kwa mwenye baiskeli iliyobeba mzigo. Jumapili asubuhi itakuwa ya vijana wa mbio na familia zinazotaka kunyoosha miguu mbali na malori.

Kuna faida nyingine inayosahaulika. Ardhi ya reli isiyotumika haikai wazi: leo shamba la mihogo, kesho nyumba, keshokutwa tingatinga na vilio. Marekani iliona hatari ya kupoteza ardhi hiyo, na sheria yake ya mwaka 1983 inaruhusu reli iliyoachwa itumike kama njia ya matembezi ili ibaki nzima mpaka treni itakapohitajika tena. Njia yenye watu kila siku ni vigumu kuuzwa gizani.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wa jimbo, SNCC na wenye mgodi: mkikaa mezani juu ya tawi hili, andikeni njia ya watu ndani ya mpango, kabla ya mkandarasi kupima. Kuiongeza baadaye kutamaanisha kubomoa na kulipa fidia. Nanyi wakaaji wa Kipushi na Munama, waulizeni wabunge wenu kuhusu njia hii sasa, msingoje kampeni.