Baiskeli Yako: Kilomita 109 za Milima na Upepo



Mwezi uliopita ukurasa huu ulieleza namna ya kuziba pancha. Mwezi huu tutasafiri mbali kidogo. Tutakwenda Cape Town, katika nchi ya Afrika Kusini. Huko, kila mwaka, makumi ya maelfu ya watu hupanda baiskeli zao siku moja. Huizunguka rasi yenye milima, mwendo wa kilomita 109.

Wachache kati yao hushindania ushindi. Wengi hawashindani na mtu. Wamo vijana, wamo na wazee. Wanataka jambo moja tu, nalo ni kufika mwisho.

Huenda utasema, "Hayo yananihusu nini? Baiskeli yangu ni ya kubebea maji na mahindi." Subiri kidogo. Mlima ni mlima. Anayepanda na gunia na anayepanda bila mzigo wote wanatumia miguu na pumzi. Linalomsaidia mmoja linamsaidia na mwenzake.

Safari ilianzaje?

Mwaka 1977 wapanda baiskeli wa Cape Town walikusanyika na kupita mjini kwa pamoja. Magari yalikuwa mengi, na barabara zilijengwa kwa ajili ya magari tu. Walidai watengewe njia zao. Mwaka uliofuata, 1978, ilifanyika safari ya kwanza ya kuizunguka rasi. Watu zaidi ya 500 walijitokeza. Wakati huo nchi ilikuwa bado chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, ambao ulikwisha mwaka 1994.

Idadi ya watu iliongezeka mwaka hadi mwaka. Katika miaka ya 2010 ilifika kiasi cha watu 35,000. Kwa hiyo kumbuka: safari hii kubwa haikuanza kama mchezo. Ilianza kama dai la watu waliotaka kufika salama.

Hesabu ya saa saba

Safari ina sheria zake. Lazima uvae kofia ngumu. Lazima pia umalize katika muda wa saa 7. Anayechelewa sana hupakiwa kwenye gari pamoja na baiskeli yake.

Chukua kalamu tupige hesabu. Gawa 109 kwa 7. Utapata 15 na nusu, na ziada kidogo. Basi ni lazima uende zaidi ya kilomita 15 kila saa. Utasema ni rahisi. Kweli, kwenye tambarare ni rahisi. Lakini ukipumzika nusu saa tu, unabakiwa na saa 6 na nusu. Sasa itakubidi uende karibu kilomita 17 kila saa. Na milima bado iko mbele yako.

Kwa hiyo anayetaka kumaliza hana budi kupanga mambo mawili: saa zake na nguvu zake.

Unaondoka

Tuseme wewe ndiye unayekwenda. Umejizoeza kwa miezi kadhaa. Ulianza na kilomita 20, ukaongeza hadi 40, kisha 70. Jana ulikagua breki, matairi na mnyororo. Leo umeamka usiku na kula chakula cha kutosha.

Watu hawaondoki wote kwa pamoja. Wangeangushana. Hupangwa katika makundi, na kila kundi huondoka dakika chache baada ya lile lililotangulia. Makundi ya kwanza huondoka asubuhi mapema. Barabara zimefungwa. Hakuna lori, hakuna basi. Unasikia sauti ya minyororo tu, na pumzi za watu.

Hapa ndipo penye hatari ya kwanza. Miguu ina nguvu na moyo una furaha. Wenzako wanakupita mbio, nawe unataka kuwafuata. Usiwafuate. Nguvu unazozitumia sasa ni za mlima wa mwisho. Haraka haraka haina baraka.

Upepo

Unatoka mjini na kuelekea kusini. Unafika Muizenberg, kando ya bahari. Kutoka hapo barabara na reli zinafuatana pwani, karibu sana na maji. Unapita Kalk Bay, kisha Fish Hoek, kisha Simon's Town, mji wenye kituo cha jeshi la majini.

Katika majira ya joto upepo mkali huvuma Cape Town kutoka kusini-mashariki. Safari hii kwa kawaida hufanyika mwezi Machi, na mara nyingi upepo huo bado upo. Kwa hiyo nusu ya kwanza unaweza kuupata usoni. Ni mlima usioonekana. Unakanyaga pedeli kwa nguvu zote, na bado unatambaa.

Dawa yake ni kushirikiana. Ukikaa nyuma ya mwenzako, karibu lakini bila kumgusa, yeye anakukinga upepo. Kazi yako inapungua kwa robo, pengine zaidi. Akichoka, wewe nenda mbele umkinge yeye. Watu kumi wakipokezana hivyo hufika mapema kuliko mwenye nguvu anayekwenda peke yake. Lakini angalia: usikae nyuma siku zote. Anayekingwa kila mara bila kukinga wengine hapendwi na mtu.

Chakula na maji

Baada ya Simon's Town barabara inapanda. Hapo panaitwa Smitswinkel. Kama hukula kitu njiani, hapa utajua.

Mwili una akiba yake ya sukari, katika misuli na katika ini. Kazi nzito huipunguza sana akiba hiyo, kwa muda wa saa moja na nusu au mbili. Ikikaribia kwisha, miguu inalegea. Mikono inatetemeka. Kichwa kinazunguka. Mtu hodari anakuwa kama mgonjwa. Akishafika hapo, hata akila, nguvu hazirudi mara moja.

Kwa hiyo kula kabla ya njaa. Ndizi moja, kipande cha mkate, au kiazi kilichochemshwa kwa chumvi kinatosha kwa mara moja. Baada ya muda kula tena.

Maji nayo yana kipimo. Kunywa kidogo kidogo kila unaposikia kiu. Usingoje mpaka mdomo ukauke kabisa. Lakini pia usijilazimishe kunywa maji mengi kupita kiasi. Maji yakizidi sana hupunguza nguvu ya chumvi katika damu, na hilo linaweza hata kuua.

Gia

Sasa umeizunguka ncha ya kusini ya safari yako. Unarudi kaskazini, upande wa pili wa rasi. Unapita Scarborough na Kommetjie, kisha Noordhoek. Mbele unauona ukuta wa mawe umesimama juu ya bahari. Huo ndio mlima wa Chapman's Peak, na barabara yako imechongwa ubavuni mwake.

Kabla ya kuupanda, tutazame baiskeli. Penye pedeli pana duara kubwa la meno. Penye gurudumu la nyuma pana duara dogo la meno. Mnyororo umeyaunganisha. Tuseme la mbele lina meno 44 na la nyuma lina meno 22. Pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili. Kwenye tambarare ni vizuri. Mlimani ni kazi ngumu.

Baiskeli yenye gia ina maduara kadhaa ya ukubwa mbalimbali. Mpandaji anaweza kuchagua meno 34 mbele na 34 nyuma. Hapo pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja tu. Unakwenda polepole, lakini mguu haulemewi. Gia haikupi nguvu mpya. Inakugawia nguvu zako kidogo kidogo.

Badilisha gia kabla mlima haujakubana. Ukingoja mpaka pedeli zigome, mnyororo utakwaruza na kuruka. Pengine utakatika.

Mlima wa kwanza mkubwa

Barabara ya Chapman's Peak ilijengwa kati ya mwaka 1915 na 1922. Ina urefu wa kilomita 9 na kona 114. Wafungwa walifanya kazi kubwa ya kuuchonga mlima huo. Mwaka 2000 ilifungwa kwa sababu ya mawe yaliyokuwa yakiporomoka, ikafunguliwa tena mwishoni mwa mwaka 2003. Miaka hiyo wapanda baiskeli walipitishwa barabara nyingine. Siku hizi kuna nyavu za chuma za kuzuia mawe.

Unapanda. Usitazame kilele. Tazama kona inayofuata tu. Ukiipita, tazama nyingine. Kaa kitini na uvute pumzi ndefu. Kama unaweza kumwambia mwenzako maneno machache, mwendo wako ni mzuri. Kama huwezi kusema hata neno moja, punguza.

Kushuka

Umefika juu. Bahari iko chini kabisa, upande wa kushoto. Sasa unashuka kwenda Hout Bay, na unafikiri kazi imekwisha. Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Tumia breki zote mbili. Bonyeza, achia, bonyeza tena, ili zisipate moto sana. Tazama mbali mbele, mahali unapotaka kwenda. Ukilitazama shimo, utaingia shimoni.

Mlima wa sukari

Baada ya Hout Bay kuna mlima wa mwisho mkubwa. Unaitwa Suikerbossie. Maana yake ni kichaka cha sukari, jina la mmea wenye maua matamu. Jina ni tamu lakini mlima ni mchungu. Una urefu wa kama kilomita 2 tu. Kama ungekuwa mwanzoni, usingeuogopa. Lakini uko mwishoni, miguu imekwisha tumika, na jua ni kali.

Hapa ndipo watu wanapotofautiana. Waliokimbia asubuhi wengi wao sasa wanashuka na kusukuma. Waliojipimia wanapita polepole, wamekaa vitini. Pande zote mbili za barabara watu wamejaa. Wanapiga makofi, wanachoma nyama, wanawaita wapandaji wasiowajua kama ndugu zao. Wengine hukimbia na kumsukuma mgongoni aliyechoka.

Ukishindwa, shuka usukume. Si aibu. Saa inaendelea kuhesabu, lakini nawe unaendelea kwenda. Anayesukuma hufika. Anayekaa chini na kukata tamaa ndiye asiyefika.

Kutoka juu unaiona tena bahari. Unashuka, unapita Camps Bay, unaingia Green Point. Saa inaonyesha saa 6 na dakika 40. Umemaliza. Maelfu wamekutangulia, na hakuna anayekuuliza umekuwa wa ngapi.

Kujua kuacha

Si kila mwaka safari humalizika. Mwaka 2015 moto mkubwa uliunguza milima ya rasi. Waandaaji waliifupisha safari ikawa kilomita 47 tu. Mwaka 2017 upepo ulizidi kilomita 100 kwa saa na kuzipeperusha baiskeli kutoka mikononi mwa watu. Safari ilivunjwa siku ile ile. Watu waliojizoeza kwa miezi mingi walirudi nyumbani wakiwa wazima. Huo nao ni uamuzi wa kishujaa. Mwaka mwingine upo, lakini roho ni moja.

Na wewe, msomaji

Wewe unao mlima wako. Labda ni ule wa kwenda sokoni, labda ni ule wa zahanati. Yashike haya. Kagua breki kabla ya kuondoka. Anza polepole. Kula kabla ya njaa, na kunywa kidogo kidogo. Kama baiskeli yako haina gia na mzigo ni mzito, sukuma mapema, kabla miguu haijakwisha.

Kuna jambo moja zaidi. Wale watu wa 1977 walidai njia. Siku moja kwa mwaka barabara ya Cape Town hufungwa kwa ajili ya baiskeli. Siku nyingine zote mpanda baiskeli yuko pamoja na magari, kama wewe. Kwa hiyo kaa kushoto. Usiku washa taa. Na barabara ya kwenu ikitaka kujengwa au kupanuliwa, simama katika mkutano wa kijiji uulize: "Wenye baiskeli na waendao kwa miguu watapita wapi?" Uliza kabla lami haijamwagwa.

Mjadiliane na wenzenu

1. Ni mlima gani unaowasumbua zaidi wenye baiskeli kijijini kwenu? Wanaupandaje?
2. Mtu akitaka kwenda kilomita 60 kwa saa 5, na apumzike saa moja, itambidi aende kilomita ngapi kila saa?
3. Njia ya baiskeli ingefaa ipite wapi katika kijiji chenu?

Mwezi ujao tutaeleza namna ya kurekebisha breki zilizolegea. Safari njema.