Vijana Wetu na Elimu ya Misitu na Bahari



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia barazani mzee mmoja wa hapa Kilangala akiwa na karatasi mkononi. Mwanawe amemaliza kidato cha sita na kufaulu, naye ataka kusoma elimu ya mazingira, yaani elimu ya misitu, maji, bahari na viumbe vikaavyo humo. Karatasi ile ilikuwa ya wakala mmoja wa mjini, aliyeahidi kumpatia kijana nafasi katika chuo cha ng'ambo iwapo fedha zitatangulizwa. Mzee alikwisha pata mnunuzi wa mikorosho yake. Alilolitaka kwetu lilikuwa dua tu.

Dua tulimwombea, lakini tulimsihi asiuze kwanza. Na kwa kuwa twajua kwamba wazee wengi wa pwani hii wamo katika hali kama yake, tumeona ni wajibu wetu kuyaandika hapa yale tuliyomwambia, pamoja na yale tuliyoyauliza kwa wajuao baada ya yeye kuondoka. Sisi ni walimu wa chuo cha Kurani. Mambo ya vyuo vikuu hatukuyasoma, bali twayauliza.

Yatupasa kwanza kukiri kosa letu. Miaka mingi nyuma mwanafunzi wetu mmoja wa zamani alitutaka shauri juu ya elimu hii hii, nasi tukamjibu kwamba kusomea miti ni kupoteza umri, kwani mti humea wenyewe. Kijana akatutii, akaacha. Leo twaona kuwa tulimdhulumu kwa ujinga wetu, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, na yeye pia.

Kwani ni nani aliyeijua thamani ya nchi hii ya Lindi? Tangu mwaka 1909 hata 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale huko Tendaguru. Wapagazi wetu wakaichukua kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa huko katika jumba la makumbusho, na urefu wake kwenda juu wapita mita 13. Aliyekuwa msimamizi mkuu wa wafanyakazi katika uchimbaji ule alikuwa mtu wa huku, Boheti bin Amrani, hodari wa kuitambua mifupa na kuitoa katika udongo bila ya kuivunja. Mwaka 2007, karibu miaka mia baadaye, mtaalamu mmoja alimpa mnyama mmojawapo jina la kumkumbuka yeye, akamwita Australodocus bohetii. Ni fakhari kwetu, hatukatai. Lakini mtu yule alikuwa na macho na mikono ya mtaalamu, na wenye kuandika vitabu wakawa wengine.

Wala si jambo la zamani tu. Mwaka 1996 wanafunzi wa chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, walifunga safari hadi Kilwa kuja kuuchungua mpingo, mti ambao sisi twaupita njiani tukienda kukata kuni. Waliujua kwa sababu zumari zao hutengenezwa kwa mti huo. Katika kazi ile likatokea shirika la MCDI lenye makao Kilwa Masoko, na mwaka 2009 likapata cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu inayomilikiwa na vijiji, Kikole kikiwa miongoni mwa vijiji vya kwanza. Kijiji kilichokuwa kikiuona mpingo wake ukichukuliwa kwa bei ya bure kikawa muuzaji mwenye haki ya kupanga bei. Na mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara walimvua silakanti, samaki ambaye wataalamu wa dunia walidhani ametoweka tangu mamilioni ya miaka, mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Basi watoto wa watu husafiri kuja kusoma mlangoni petu, nasi tunawaambia wetu kwamba hapana cha kusoma!

Tena iko khasara tuliyoiona kwa macho. Mwezi wa Mei 2024 tufani iliyoitwa Hidaya iliipiga pwani hii, na mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, tukakaa kama watu wa kisiwani. Mwenye kujua mikondo ya maji, mikoko na udongo ndiye awezaye kutuambia daraja lijengwe wapi na msitu upi usiguswe. Bwana wetu Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa mwenye kupanda mti, akala humo ndege au mtu au mnyama, ana thawabu ya sadaka. Hatuoni vipi mwenye kuihifadhi misitu mizima atakosa sehemu yake, ikiwa nia yake ni njema.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Tulilolijua baada ya kuuliza ni kwamba misaada mingi ya masomo ya ng'ambo katika elimu hii hutolewa kwa mwenye shahada ya kwanza aendaye kutafuta ya pili. Ule wa Uingereza uitwao Chevening, kwa mfano, humtaka mwombaji awe na shahada na uzoefu wa kazi wa miaka 2 hivi, kisha humpa sharti la kurudi kwao akae si chini ya miaka 2. Kuomba kwake ni bure. Kadhalika DAAD ya Ujerumani hutazama sana kazi aliyokwisha kuifanya mtu. Kwa hiyo kijana aliyetoka kidato cha sita, njia yake fupi ni kuanzia nyumbani: chuo kikuu cha Sokoine huko Morogoro kwa misitu na wanyama, au chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Taasisi yake ya Sayansi za Bahari iko Unguja tangu mwaka 1978. Aliyeishia kidato cha nne naye asikate tamaa. Kiko chuo cha misitu Olmotonyi, Arusha, na chuo cha uvuvi cha FETA kina tawi lake Mikindani, ambako kutoka kwetu si safari ya kuandikiwa wasia.

Fedha je? Iko mikopo ya serikali ya HESLB. Wapo wazee walioiogopa kwa ajili ya ile asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka juu ya deni. Hiyo iliondolewa mwaka 2021, na khabari hii tungependa ifike kila msikiti. Tena Benki ya Maendeleo ya Kiislamu iliyoko Jeddah ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kuwasomesha vijana wa Kiislamu wa nchi zisizo wanachama wake, na Tanzania ni mojawapo. Mpango ule ulisimama juu ya kardhi hasana: kijana hukopeshwa bila ya riba, na akipata kazi hurudisha, si kwa benki, bali kwa mfuko wa Waislamu wa nchi yake ili wasomeshwe wengine. Serikali ya Uturuki nayo huwapokea hata wanaoanza shahada ya kwanza, na maombi yake hayalipiwi. Masharti hubadilika, basi kijana ayasome ya mwaka wake mwenyewe.

Kwa ajili hiyo twasema: anayekutaka fedha ili akuombee msaada ambao kuomba kwake ni bure, mwogope. Na anayekuahidi chuo, liulize jina la chuo hicho TCU kabla ya kutoa hata senti moja, na jina lake yeye pia.

Jambo ambalo vijana hulidharau ni mafunzo ya kazi. Likizo ikifika hurudi kijijini kulala. Kumbe akienda akajitolea kwa ofisi ya misitu ya wilaya, au kwa watu wa MCDI, au kwa walinzi wa hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi huko Mtwara, akahesabu miti na kupima samaki kwa miezi miwili, ana kitu cha kuandika katika barua yake. Na kazi ziko: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka kila halmashauri iwe na ofisa wa mazingira, na miradi mikubwa isijengwe kabla ya kupimwa athari zake. Gesi ya Songosongo yachimbwa tangu mwaka 2004. Ni wangapi katika wapimaji hao walizaliwa Kilwa au Lindi?

Mama mmoja aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia alituuliza, "Na binti yangu, Mwalimu?" Tulimjibu kuwa elimu hii haina mlango wa wanaume peke yao. Wanawake wa pwani ndio wajuao chaza na pweza wanapojificha maji yakitoka. Binti akiongezewa kitabu juu ya ujuzi huo, atakuwa mbele ya wengi. Mzazi na aulize juu ya bweni, na juu ya jamaa wa Kiislamu walio karibu na chuo. Hayo ni maswali ya haki. Kumfungia ndani si jawabu lake.

Mzee wetu alirudi Ijumaa iliyopita. Mnunuzi wa mikorosho amekasirika, na wakala hapokei tena simu. Kijana ameandika maombi ya Sokoine kwa mkono wake, nasi tumemsaidia kutafuta nakala ya cheti cha kuzaliwa, ambacho panya walikuwa wamekila pembe moja.