Kisigino cha Lipiko

Pale kijiweni Chiungutwa kuna kijana wa bodaboda aliyeacha kucheka. Zamani akikuona na mzigo alikuja mbio, "Shikamoo mama, lete huo mfuko." Siku hizi anavaa miwani myeusi hata jua likishazama, anaegemea pikipiki na kutazama mbali kama mtu anayedaiwa. Nilimuuliza kimemsibu nini. Akanijibu kwa ule upole wake wa zamani, maana mimi ni rika la mama yake: "Mama, wanawake hawampendi mtu mwema. Si mnaziangalia wenyewe hizo tamthilia? Steringi lazima awe kauzu."

Wenzake wakaitikia. Hoja hiyo nimeshaisikia msibani, nimeisikia ndani ya basi la Mtwara, nimeisikia kwa watu wenye shahada zao: mwanamke anapenda kuonewa, na ushahidi ni hadithi anazozipenda. Ingekuwa utani wa kijiweni ningeuacha upite. Lakini mwanamume aliyeamini hivyo, siku akimzaba mkewe kofi, hujiona amempa alichokuwa anakitaka.

Sasa njoo jioni kwenye nyumba yoyote yenye king'amuzi, saa ya tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Wanawake wamejaa mkekani, watoto mapajani. Anatokea huyo bwana: tajiri, mrefu, hacheki, ana jambo moyoni halisemi. Wanaume wanaopita nje husikia kelele wakadhani ni mahaba. Waingie wasikilize. "Huyu kuna mtu kamzika." "Huyu kalelewa na mama wa kambo, nimekwambia." "Subiri, leo atalia." Mtu mzima anachambuliwa kama mchele kwenye ungo. Akimfokea binti, mkeka mzima unamjibu: chukua begi, mwanangu, ondoka! Mwenye kuabudu simwoni pale. Nawaona mahakimu kumi na wawili, na mshtakiwa hajui kama kesi imeanza.

Sisi watu wa uwanda wa Makonde tungepaswa kulielewa jambo hili kabla ya wengine wote, kwa sababu tumekulia ndani yake. Nilikuwa na miaka saba au minane nilipoona mapiko, ngoma yetu ya vinyago, kwa mara ya kwanza, vijana walipotoka jandoni. Lipiko likaja limefunikwa nguo mwili mzima, njuga zikilia, kichwani kinyago cha mti mwepesi chenye nywele za mtu kweli. Tuliambiwa ni mzimu. Wanawake wakapiga mayowe wakakimbia, nami nikakimbia nikilia. Bibi yangu alikuwa anakimbia pembeni yangu, anapiga yowe kuliko wote, na katikati ya yowe akaniinamia sikioni: "Tazama kisigino. Lile kovu la shoka. Si mjomba wako yule?" Kisha akapiga yowe jingine.

Kwa mila, mwanamke hajui nani yumo ndani. Kwa kweli anajua, na anajua pia kwamba akimtaja ameivunja ngoma. Hofu yake ni ya kuchezwa, na utamu wake ni kwamba anacheza huku akijua. Ungemwambia bibi kwamba anakimbia kwa sababu anapenda kutishwa na mizimu, angekucheka mpaka kesho. Alichokipenda ni kile kisigino.

Steringi mwenye giza ni lipiko. Mwanamke hakufuata giza, amefuata hadithi inayomweka yeye kwenye nafasi ya kujua kilichomo. Nje ya hadithi ni nadra kupata nafasi hiyo. Mume aliyenuna wa nyumbani hana sura ya mwisho itakayoeleza kwa nini amenuna. Unaweza kukaa naye miaka thelathini ukamzika bila kujua. Yule wa kwenye skrini amekubali mapema kufunguliwa. Tena ukimchoka, unazima ukalale.

Wanaotaka ushahidi wa vitabu wawaulize wanawake waliowaandika watu hawa. Mwaka 1847 huko Uingereza ndugu wawili, Charlotte na Emily Brontë, walichapisha riwaya mbili wakijificha nyuma ya majina yasiyoonyesha kama ni wanawake (kinyago kingine hicho). Katika "Jane Eyre" ya Charlotte, Bwana Rochester ni mkimya, mkali, na darini kwake amemfungia mke. Jane alipoijua siri, ndoa ikiwa inafungwa, hakusema nitavumilia. Aliondoka. Anaporudi tayari ana urithi wake kutoka kwa baba yake mdogo, pauni 20,000 ambazo amezigawa sawa na binamu zake watatu, na Rochester ni kipofu aliyepoteza na mkono mmoja. Mwandishi amempokonya bwana yule kila alichokuwa akitishia nacho, ndipo akamruhusu aoe. Emily alikuwa mkali zaidi. Katika "Wuthering Heights" yumo msichana, Isabella, anayefikiri sawasawa na kijana wetu wa kijiweni: ameona mtu wa giza, amedhani ni steringi. Usiku wa kutoroka pamoja, Heathcliff anamtundika mbwa wa Isabella kwenye kitanzi, na msichana bado anaenda. Anapigwa, anadhalilishwa, mwishowe anakimbia na kwenda kuzaa mbali. Wanaokitaja kitabu hicho kama ushahidi kwamba wanawake wanapenda makatili wamemruka Isabella, na yeye ndiye jibu lao.

Kwetu watu wa giza hawakukosekana, ila waliandikwa na wanaume. Adili wa Shaaban Robert, katika kitabu cha mwaka 1952, ni mtawala mwema mwenye tabia moja isiyoelezeka: kila usiku anawachapa manyani wawili, nao kumbe ni ndugu zake. Siri nzuri mno! Lakini anayeigundua ni Ikibali, mtu aliyetumwa kufuata kodi, naye anaipeleka kwa mfalme. Angekuwa mwandishi ni mwanamke, sidhani kama angeiacha siri ya usiku mikononi mwa mtoza kodi. Kazimoto wa Kezilahabi katika "Kichwamaji", 1974, ni giza tupu. Anajiua na kumwachia mkewe Sabina mzigo wa kuendelea kuishi. Sijawahi kukutana na mwanamke aliyesoma riwaya ile akatamani kuolewa na Kazimoto.

Najua nitakachojibiwa: mbona wapo wanawake wanaoishi na wanaume katili kweli? Wapo, hapa hapa. Waulize sababu, hutasikia jina la tamthilia hata moja. Utasikia watoto. Utasikia ndugu wanaosema vumilia. Utasikia mikorosho. Wazee wetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao, walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mwanamume aghalabu alihamia kwa wakwe. Akinuna, alinunia ugenini, na wajomba wa mke walimsikia. Mkorosho umeipindua hesabu hiyo: ni mti unaodumu miaka mingi, na aliyeupanda anasema shamba ni lake. Mke akiondoka leo anaacha jasho lake pale, na msimu wa kuokota unakuja Oktoba. Hapo ndipo ukatili unapopata kiti cha kukalia.

Na kama giza ndilo linalotuvuta, mwaka 2011 tulivutwa na nini? TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa Kiswahili, ya Doudou, mke kijana, na mama mkwe. Hakuna kasri, hakuna maiti darini. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja. Mkwe naye ni mtu asiyesomeka kirahisi, na mkeka ulijaa vilevile.

Juzi nilikuwa kijiweni tena, nasubiri gari. Akaja binti mmoja na ndoo mbili, anaelekea Lulindi. Kijana wetu akakaza uso, akageuza shingo taratibu, hakusema neno. Binti akamtazama kidogo, kwa huruma ya kweli, akamuuliza kama ni jino. Kisha akapanda pikipiki ya mwenzake, yule mnene anayeimba.