OKAPI WA ANTWERPEN NI WA NANI?

Wandugu, sisi watu wa shaba tunaujua mji wa Antwerpen hata kama hatukufika. Miaka mingi shaba ya Katanga ilishushwa pale katika meli, ikaenda kusafishwa Hoboken, karibu na mji huo. Lakini haikusafiri shaba peke yake. Kando ya stesheni kubwa ya treni ya Antwerpen iko bustani ya nyama, ya tangu mwaka 1843. Ndani yake wanakaa okapi, nyama wa msitu wetu wa Ituri, ndugu ya twiga mwenye miguu ya mistari. Wa kwanza alifikishwa mwaka 1919.

Wazungu wanasema okapi alivumbuliwa mwaka 1901. Kuvumbuliwa namna gani? Wambuti na Walese walimjua tangu mababu, na hilo jina okapi lilitoka vinywani mwao. Wataalamu waliongeza tu jina la Johnston, mkubwa mmoja wa Kiingereza. Na kule Epulu waliochimba mashimo na kuyafunika majani, ili okapi akamatwe mzima, walikuwa watu wetu.

Leo kitabu cha okapi wote wa bustani za dunia, nani kazaliwa, nani kafa, kinashikwa Antwerpen. Hatukatai, kinashikwa vizuri, na bustani nyingi za ngambo zinatuma pesa Epulu. Lakini tarehe 24 Juni 2012, watu wenye silaha walipoingia Epulu, waliouawa ni watu wa hapa, walinzi kati yao, pamoja na okapi 14. Mtoto wa Antwerpen anamwangalia okapi siku ya Mungu, mkono katika mkono wa baba. Mtoto wa Kolwezi anamjua kwa picha, tena akiwa na bahati ya kitabu.

Tunataka nakala ya kitabu kile ikae Kisangani, na vijana wetu wafundishwe kukiandika. Tunataka mlinzi apate mshahara wake kila mwezi. Na serkali iwatoe wenye mashine za dhahabu ndani ya hifadhi ya okapi, iliyowekwa mwaka 1992. Sisi tunakula kwa mgodi, hakuna atakayesema tunachukia kuchimba. Lakini pale sheria imekataza. Mfanyakazi akivunja sheria ya kazi anafukuzwa siku ile ile. Mbona hawa wanaachwa?