Uzi wa Gitaa Ukikatika, Usikimbilie Kumkemea Shetani



Leo sifundishi juu ya kufunga wala juu ya zaka. Nataka tuzungumze juu ya jambo linalotusumbua katika makanisa yetu mengi, kuanzia Kondele na Nyalenda hadi Ahero na Kendu Bay. Ibada inakaribia kuanza, kijana anatuni gitaa, mara twaa! Uzi umekatika. Mama mmoja anasema, "Shindwa!" Mwingine ananong'ona kwamba leo kuna upinzani. Mzee wa kanisa anamtazama kijana kana kwamba ana dhambi aliyoificha.

Mimi ni Mpentekoste. Naamini vita vya kiroho vipo na naamini katika maombi. Lakini tusimpe shetani sifa kwa kazi ambayo kutu imeshaifanya. Uzi unaokatika wakati wa kutuni una sababu inayoonekana kwa macho, na mara nyingi sababu hiyo haimhusu kijana peke yake. Inatuhusu sisi tunaolisimamia kanisa.

Kwanza tuelewe mzigo ambao nyuzi zinabeba. Gitaa la kawaida lisilo la umeme, lenye seti nyepesi ya nyuzi za chuma, likishatuniwa vizuri nyuzi zote sita kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70. Ni kama mtu mzima ananing'inia hapo usiku na mchana. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, una unene wa karibu milimita 0.3 tu, nao hubeba karibu kilo 10 peke yake. Hauna nafasi kubwa ya kuongezewa. Ndiyo maana huo ndio hukatika mara nyingi.

Sasa jifunze kwa mvuvi wa Dunga. Kamba yake ikikatika majini, anaivuta na kutazama ncha. Akiona imesagika, anajua ilisuguana na jiwe. Akiona imekatikia kwenye fundo, anajua fundo lilikuwa baya. Mpiga gitaa naye afanye vivyo hivyo. Mahali uzi ulipokatikia panasema mengi.

Ukikatikia juu karibu na kichwa cha gitaa, chunguza kile kipande chenye mifereji sita ambamo nyuzi hupita. Mfereji ukiwa mwembamba au una makali, uzi hunaswa. Unakaza, sauti haipandi. Unakaza tena, bado. Kisha unasikia "tik", uzi unaruka ghafla, na siku nyingine hauruki bali unakatika. Dawa yake ni ya bei ya chini sana: chukua penseli ya kawaida, paka risasi yake ndani ya mfereji, uzi utateleza.

Ukikatikia chini, kwenye daraja, pana ukingo mkali unaoutafuna kidogo kidogo. Msasa laini unatosha. Ukikatikia kwenye kigingi cha kukazia, huenda ulipindwa vibaya siku ulipofungwa, au tundu la kigingi lina makali. Na ukikatikia katikati, pale vidole vinapobonyeza, basi uzi umechakaa. Uliishi maisha yake ukaisha.

Hapo ndipo tunafika kwenye kutu. Maji ya Nam Lolwe si ya chumvi kama ya Mombasa, lakini hewa ya huku kwetu ni nzito na yenye unyevu. Ongeza jasho la mpigaji, ambalo lina chumvi, ongeza kanisa la mabati saa saba mchana, kisha gitaa linawekwa kwenye kona bila mfuko mpaka Ijumaa ya kesha. Kutu hufanya vishimo vidogo kwenye chuma, na uzi hukatikia kwenye kishimo. Siku hiyo kijana hakufanya chochote kipya. Alikaza kidogo tu, na kilichokuwa kimeliwa kwa miezi kikaonekana kwa sekunde moja.

Lakini kuna makosa ya mkono pia, na lazima tuyaseme. Kosa la kwanza ni kuzungusha kigingi cha uzi mmoja huku unagonga uzi mwingine. Sauti haibadiliki, unaendelea kuzungusha, na ule usiousikia unafika mwisho wake. Kosa la pili ni kuamini herufi peke yake. Programu nyingi za simu zinakuonyesha E, A, D, G, B, lakini huenda zisikuambie ni E ya juu au ya chini. Uzi wa sita ni E na hutetemeka karibu mara 82 kwa sekunde. Uzi wa kwanza nao ni E, lakini hutetemeka karibu mara 330. Ukipita sauti yako ukaitafuta herufi ile ile oktava moja juu, mvuto huwa mara nne. Uzi wa kilo 10 unaudai kilo 40! Hautafika. Kwa hiyo sikiliza kwa masikio kabla ya kutazama kioo.

Kosa la tatu ni letu sote. Mwimbishaji anasema, "Pandisha kidogo, sauti yangu iko juu leo." Kijana anakaza nyuzi zote nusu-toni mbili. Mvuto unaongezeka kwa zaidi ya robo. Baada ya ibada anazilegeza, Jumatano anazikaza tena. Chuma kinachoka kama waya unaoukunja na kuukunjua. Kapo ipo kwa ajili ya kazi hiyo, na pia mpigaji anaweza kujifunza kubadili kodi. Na usinunue uzi mnene ukidhani hautakatika. Uzi mnene unahitaji kuvutwa zaidi ili ufike sauti ile ile, kwa hiyo ile faida inaliwa.

Wengine mtaniambia, "Pasta, hayo ni mambo ya mafundi. Kijana mwenyewe ajipange." Hapo ndipo sikubaliani nanyi.

Hii ni nchi ya nyuzi. Nyatiti ina nyuzi nane. Zamani zilikuwa za kano za ng'ombe, siku hizi wengi hutumia nailoni. Kutoka kwa wapiga nyatiti, mtindo wa vidole ukaingia kwenye gitaa, tukapata benga, na watu kama D.O. Misiani wakalifanya gitaa la ziwa hili lijulikane Afrika Mashariki yote. Watoto wetu wana kipawa hicho mikononi. Swali ni nani anakitunza.

Kijana mmoja wa huku pwani ya ziwa aliniambia neno ambalo bado linanichoma. Anaendesha boda boda siku za wiki, Jumapili anapiga gitaa kanisani. Nyuzi ananunua yeye. Zikikatika, anakemewa yeye, mbele ya watu. Akaniambia, "Pasta, kule kwa klabu walinipa seti mbili kabla hata sijapiga wimbo mmoja." Hakuwa ananitisha. Alikuwa anaeleza tu mahali alipokuwa anaelekea.

Someni Nehemia sura ya 13, kuanzia mstari wa 10. Walawi na waimbaji walikuwa wamekimbia, kila mtu shambani kwake, kwa sababu hawakupewa sehemu yao. Angalieni Nehemia alimgombeza nani. Hakuwagombeza waimbaji waliokimbia. Aliwagombeza viongozi, akauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Kisha akawakusanya waimbaji akawarudisha mahali pao. Na katika 1 Mambo ya Nyakati 25 mnakuta waimbaji 288 waliofundishwa, wenye zamu zao na wasimamizi wao. Daudi alikuwa mpiga kinubi mwenyewe. Alijua huduma ya nyuzi inahitaji mpango.

Tunalipa mafuta ya jenereta bila kuuliza kama mwenye jenereta ameokoka vizuri. Spika ikiungua tunachanga siku hiyo hiyo. Lakini seti ya nyuzi, ambayo mara nyingi ni rahisi kuliko kreti chache za soda za wageni, tunamwachia kijana asiye na mshahara, kisha ikikatika tunatafuta dhambi yake. Huko ni kumwonea mtu mdogo. Na ukimkaza mtu kila wiki bila kumtunza, naye ana mahali atakapokatikia.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kanisa liweke nyuzi kwenye bajeti, seti moja iwe ndani ya gitaa na nyingine kwenye mfuko. Nyuzi zibadilishwe zote pamoja, kabla hazijawa nyekundu kwa kutu. Mpigaji apewe dakika ishirini za utulivu kabla ya ibada, bila mtu kumwambia aharakishe. Na gitaa liwe na mfuko wake na kitambaa kikavu cha kupangusia nyuzi kila baada ya kupiga.

Nawe kijana, fanya sehemu yako. Usikaze uzi wa zamani moja kwa moja. Ulegeze kidogo kwanza ili uachane na mfereji, kisha upandishe polepole kutoka chini, huku unaugonga na kuusikiliza. Uzi mpya upandishe kwa hatua, uuvute taratibu kwa vidole, utuni tena. Geuza uso pembeni unapokaza, kwa maana ncha ya chuma ikiruka inaweza kuumiza jicho. Na usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezewa nailoni. Seti ya nailoni huvuta karibu kilo 40 tu, na hapo kitakachong'oka ni daraja lenyewe.

Wazee na wachungaji wenzangu, Jumapili hii msisubiri twaa. Mwiteni mpiga gitaa wenu mumwulize, nyuzi alizonazo zina miezi mingapi, na nani alizinunua. Jibu lake mlipeleke kwa mweka hazina kabla ya sadaka kuhesabiwa.

Mfikishie ujumbe huu mwenyekiti wa kamati yenu ya maendeleo.