Mlinzi wa moto na moshi wa Kasha

Mlinzi wa moto, yaani mtu anayekaa mahali palipoinuka ili autambue moshi kabla moto haujaenea, huhitaji macho makali, lakini huhitaji zaidi kuijua vyema nchi anayoitazama. Kwenye vilima vya Kasha, katika komini ya Bagira mjini Bukavu, kiangazi cha Juni hadi Agosti huwa na moshi wa namna nyingi: wa jikoni, wa mashamba yanayochomwa na wa matanuri ya makala, kama mkaa unavyoitwa huko. Tanuri lililowashwa karibuni hutoa moshi mweupe mzito, kwa sababu maji yaliyomo ndani ya miti hutoka kwanza kama mvuke, kisha moshi hupungua na kuwa wa samawati. Moto wa nyasi, kinyume chake, husukumwa na upepo, na moshi wake huhama pamoja nao.

Upande wa magharibi iko Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, yenye misitu ya mianzi na gorila wa aina isiyopatikana porini nje ya mashariki ya Kongo. Moto ukifika kwenye misitu hiyo, kuuzima si rahisi: moto wa Mlima Kilimanjaro, nchini Tanzania, wa Oktoba 2020, uliowaka kwa siku kadhaa, ulidhihirisha jinsi moto wa mlimani ulivyo mgumu kuzimwa ukishashika. Kwa hiyo wakulima wanaoishi kando ya misitu, ambao huutofautisha moshi kwa kuutazama tu, wapewe mafunzo, simu na malipo ya kazi hiyo.