Kufuli Si Amri ya Korti

Landilodi ana haki ya kudai kodi yake, hilo sibishi. Ninachokataa ni kufuli. Tarehe 6 tu keateka ashafunga mlango wa mtu, na ndani kuna sufuria, kitambulisho, na laptopu anayotafutia hiyo kodi yenyewe. Sasa atalipa na nini? Kuna ploti nimeona mlango ukibebwa mzima mzima, na sisi majirani tunapita tukiangalia simu.

Eti ni mkataba. Sawa, lakini mkataba unabana wawili. Muda haujaisha, na dipoziti ya mwezi mzima bado anaishikilia. Ikizidi hapo, si aende kortini?

Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hebu nionyeshe bedsita ya 2,500 Nairobi, iwe na choo na maji. Sheria ipo, wapangaji wake ndio hawapo tena.

Mimi nikidaiwa, nipe notisi ya maandishi, yenye siku za kuhama. Nikikataa, tukutane mbele ya hakimu. Kabla ya hapo, mlango wangu usiguswe.